STAA APENDEZESHA PEDELI, DEREVA ABEBESHWA MSALA CHIMWAGA

Kuna video mbili zinazunguka mjini, na watu wengi wameangalia moja tu.

Iliyosambaa ni ile ya usiku. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, yuko laivu nje ya ukumbi wa Chimwaga pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Manyunyu yanadondoka. Nyuma yake gari imepanda juu ya kimbweta, bampa limening'inia, taa moja imekufa. Mbele yake kasimama dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, kashika kofia kwa mikono miwili anaomba radhi. Staa anamfokea mbele ya wanachuo, anamwita mzembe, anamwambia asiiguse tena gari yake. Kesho yake kwenye usukani alionekana dereva mwingine.

Wanachuo wanaoishi maeneo yale wanajua kimbweta ni nini. Ni lile benchi na meza ya zege ambapo watu hukaa wanapiga msuli mpaka usiku wa manane. Jioni ile kilikuwa kitupu kwa sababu ya mvua tu. Bila mvua, leo watu wangekuwa wanaongea habari nyingine kabisa, na isingekuwa ya bampa.

Sasa kuna ile video nyingine. Ilitangulia kama wiki mbili, na staa aliirusha mwenyewe kwa mbwembwe zote. Humo anaonekana fundi kapiga magoti upande wa dereva, anang'oa ile mipira nyeusi ya pedeli na kuitupa kwenye ndoo, kisha anafunga vibati vya chuma vinavyong'aa. Baada ya hapo staa anaingia na raba zake nyeupe, anaweka mguu juu ya breki, picha zinapigwa. Maelezo chini ya picha yalikuwa ya majigambo, kwamba mguu wa bosi haukanyagi mpira. Laiki zikamiminika, na vijana kibao wakauliza vibati vinauzwa wapi.

Ukiziangalia video zote mbili kwa mpangilio, msala unahama wenyewe kutoka kwa dereva kwenda kwa bosi.

ILIVYOKUWA SIKU ILE

Kwa maelezo ya waliokuwepo, shoo ilikuwa imeisha na staa hakutaka raba zake ziloe. Dereva akaambiwa asogeze gari karibu na mlango. Akatembea kwenye matope, akaingia, akawasha, akaanza kusogea taratibu. Alipotaka kusimama akakanyaga breki, mguu ukateleza na kuangukia pedeli ya mafuta. Gari ikaruka mbele. Wanachuo wawili watatu wakaruka pembeni, kimbweta kikapokea kilichobaki.

Timu staa wameng'ang'ania jambo moja, kwamba dereva alivaa yeboyebo. Hilo ni kweli na halifichiki, kwenye video miguu yake inaonekana. Na ukweli usemwe, dereva wa kazi anatakiwa avae kiatu kilichofungwa, chenye soli nyembamba inayoshika. Hapo baba yule alikosea, na hakuna haja ya kumtetea.

Lakini swali linakuja. Yeboyebo zile kaanza kuvaa juzi? Watu wanaofuatilia safari za staa wameshamwona dereva yule mara kibao na viatu vilevile, mvua na jua, Dar mpaka Dodoma, njia ya kilomita 450 hivi. Amepita Gairo na Kibaigwa amebanwa katikati ya malori, na breki zake zilishika. Viatu ni vilevile, mguu ni uleule, dereva ni yuleyule. Kilichobadilika kwenye ile gari ni kimoja tu, na mwenye gari ndiye aliyekibadilisha.

PEDELI ZA CHUMA ZILIANZIA WAPI

Wapo wanaodhani anayekosoa pedeli za chuma ni mshamba tu. Hapana. Pedeli za chuma ni kitu halali kabisa na zina kazi yake. Zimetoka kwenye magari ya mashindano, na baadhi ya Altezza na Subaru Impreza za spoti zilitoka nazo kiwandani Japani. Ukiziangalia zile za kiwandani kwa karibu utaona zina vijipira vidogo vilivyochomoza juu ya chuma. Vijipira vile ndivyo vinavyoshika kiatu. Chuma ni mwonekano na uimara, mpira ndio unaofanya kazi ya kuzuia mguu usiteleze.

Halafu kuna zile za dukani, seti inayodaiwa kuingia kwenye gari yoyote. Ndani ya pakiti unakuta vibati, vibanio na skrubu kadhaa. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja, ndiyo maana kila kijana anaziweza. Nyingine zina vijipira vya maana. Nyingine vijipira ni vya mapambo tu, vimebandikwa kwa gundi, na vikibanduka kinabaki kibati kitupu chenye utelezi wa sahani iliyopakwa mafuta.

Dodoma ndiyo mahali pabaya zaidi kwa kibati cha namna hiyo. Sehemu kubwa ya mwaka ni vumbi, na vumbi likikaa juu ya chuma laini linageuka unga chini ya soli. Mvua zikianza vumbi lilelile linakuwa tope. Mpira wa kawaida una mistari na mashimo ya kupokea uchafu huo. Kibati laini hakina pa kuupeleka.

KITU AMBACHO WENGI HAWAKUKIONA

Rudia ile video ya kwanza taratibu. Gari ya staa ni otomatiki, ina pedeli mbili tu. Seti aliyonunua ina vibati vitatu, yaani ni ya gari ya manyu yenye klachi. Kibati cha klachi kilikosa kazi, fundi akakibandika pale mguu wa kushoto unapopumzika. Watu wakacheka, wakaona ni ubunifu.

Utani umefichwa kwenye vile viwili vilivyobaki. Gari ya otomatiki mara nyingi ina pedeli ya breki pana, ili hata mguu ukiingia kwa haraka na kwa upande uikute. Kibati cha breki cha gari ya manyu ni chembamba. Kikifungwa juu ya ile pana, mguu unapata kisiwa kidogo cha chuma katikati, na ukikosea kidogo unakanyaga ukingo.

Kingine ni urefu. Kwenye magari mengi ya kawaida breki imekaa juu kidogo kuliko pedeli ya mafuta. Haikutokea kwa bahati mbaya. Imewekwa hivyo ili ukikanyaga breki kwa nguvu, kiatu kisiguse mafuta kwa pembeni. Dereva wa mashindano yeye anataka pedeli hizo zikaribiane, kwa sababu anapopunguza gia anabana breki kwa mbele ya mguu na hapohapo anagusa mafuta kwa ubavu au kisigino, ili injini isishtuke. Ni ufundi wa gari ya klachi na unafanyiwa mazoezi. Ukifunga kibati kinene na kipana kwenye pedeli ya mafuta, umeinyanyua na kuisogeza jirani na breki. Kwa dereva wa mashindano hiyo ni faida. Kwa baba anayesogeza otomatiki kwenye tope nje ya Chimwaga huo ni mtego, na aliyeutega ni mtu ambaye mara nyingi hukaa siti ya nyuma.

Bado kuna suala la kufunga kwenyewe. Pedeli ya mafuta kwenye magari mengi ya siku hizi ni ya plastiki. Ukiitoboa kwa drili ili skrubu ipite, unaidhoofisha, na ncha ya skrubu ikitokeza nyuma inaweza kunasa kapeti la chini. Usipotoboa ukategemea vibanio, vinalegea kwa mtikisiko wa barabara, kibati kinaanza kuzunguka au kushuka. Kikishuka vya kutosha kinaweza kuingia chini ya breki, na hapo unakanyaga pedeli isiyoenda popote.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho kwenye maeneo ya makazi, gari inakula kama mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kutafuta breki kwa mguu ni mita 14 za watu wanaovuka barabara.

WANAOSEMA MAMBO YANAKUZWA

Kuna wanaosema haiwezekani kitu kidogo cha kapeti au kibati kikaua watu. Wakumbuke tukio la Agosti 28, 2009, karibu na San Diego, jimbo la California, Marekani. Lexus ES 350 ya kuazimwa na muuzaji magari iligoma kupunguza mwendo, ikaishia kwenye ajali iliyoua watu wanne wa familia moja. Aliyeshika usukani alikuwa askari wa doria za barabara kuu, sio mtoto wa kujifunza. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ndani ya gari kulikuwa na kapeti la mpira la modeli nyingine, na limenasa pedeli ya mafuta.

Baada ya hapo Toyota, wenye hiyo Lexus, waliita mamilioni ya magari yao yarudi kurekebishwa. Sehemu ya dawa yenyewe ilikuwa kukata pedeli ya mafuta iwe fupi, ipate nafasi na kapeti. Na mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari hayo.

Sasa fikiria. Wenye kiwanda wanapunguza pedeli kwa milimita ili watu wasife. Mjini kwetu mtu anaiongezea kibati ili apate laiki.

"SI ANGESEMA?"

Hoja nyingine ya timu staa ni kwamba dereva kama aliona pedeli zinateleza alitakiwa aseme. Inasikika vizuri ukiwa umekaa kwenye kochi.

Dereva wa staa ni mtu wa kupigiwa simu usiku wa manane, wa kulala ndani ya gari shoo ikichelewa, wa kulipwa bosi akikumbuka. Wengi wao hawana hata karatasi moja ya mkataba. Bosi kafunga pedeli mpya, kazirusha mtandaoni, watu laki kadhaa wamepiga makofi. Baba huyo aanzie wapi kusema kwamba kitu ambacho mji mzima umekisifia hakifai? Angeambiwa amezeeka. Angeambiwa hajui mambo ya mjini. Na jinsi alivyofukuzwa kwa dakika tano mbele ya kamera inaonyesha angesikilizwa kiasi gani.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na madereva wote wa mabosi waisome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kwa aliyefanya kazi miezi sita na zaidi, hawezi tu kumwambia kuanzia leo sikutaki. Lazima kuwe na sababu ya haki, na utaratibu wa haki, ikiwemo kumsikiliza. Kumfokea mtu laivu sio kumsikiliza. Anayeona ameachishwa kinyume cha haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ila ana siku 30 tu. Siku zinahesabika, baba asikae nyumbani na aibu yake.

Na kama mwajiri anataka kuzungumzia uzembe, basi auzungumzie wote. Dereva alivaa yeboyebo, huo ni uzembe wake. Mwenye gari alifunga seti ya gari nyingine kwenye breki ya gari inayobeba watu, hakuuliza atakayeikanyaga, akatupa mipira ya kiwandani kwenye ndoo. Sheria ya Usalama Barabarani haimwachi mwenye gari apumue kwa sababu tu hakuwa kwenye usukani. Gari ikiwa mbovu barabarani, na yeye ni mwenyewe.

KWA VIJANA WALIOULIZA ZINAUZWA WAPI

Wengi waliouliza wanaendesha IST ya nyumbani, ya mama au ya kaka, ambayo kesho inapeleka watoto shule. Anayezitaka azifunge, hakuna anayekatazwa kupendezesha gari yake. Ila azifunge kama mtu anayejua kwamba ni breki.

Atafute seti ya modeli ya gari yake, iliyoandikwa otomatiki kama ni otomatiki, yenye vijipira vilivyopenya kwenye chuma badala ya kubandikwa juu. Fundi asitoboe pedeli ya plastiki. Nati ziwe za kujifunga, zisizolegea. Vikishafungwa, injini ikiwa imezimwa, kila pedeli ikanyagwe mpaka mwisho na kuachiwa mara kadhaa, huku mtu anachungulia chini kwa tochi kama kuna kinachogusa kapeti au ukuta. Kisha aweke kiatu chake kikubwa kuliko vyote juu ya breki na aangalie kama kinagusa mafuta. Kikigusa, vibati vitoke, hakuna mjadala. Baada ya wiki moja nati zikaguliwe tena. Na mipira ya kiwandani isitupwe, ikae kwenye droo ya dashibodi.

La muhimu kuliko yote, anayekanyaga aulizwe. Kama gari inaendeshwa na baba, mama, au dereva wa kuajiriwa, huyo ndiye akae kwanza, akanyage, aseme inashika au haishiki. Pedeli sio ya mwenye kadi ya gari wala ya mwenye kamera. Ni ya mwenye mguu.

STAA AFANYE NINI SASA

Watu wanaomshauri wanamwambia akae kimya, mji utasahau. Kweli mji unasahau, wiki ijayo kutakuwa na ndoa ya mtu au bifu jipya. Lakini baba yule hatasahau, na watoto wake wameiona ile video. Dereva ambaye video yake ya kugonga imesambaa nchi nzima atapewa gari na nani?

Staa ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa wilaya kadhaa. Alitumia nguvu hiyo kuwaonyesha pedeli, akaitumia tena kumdhalilisha mtu. Anaweza kuitumia mara ya tatu kusema ukweli, kwamba vibati vile havikuwa vya gari ile na kwamba yeye ndiye aliyeviweka. Sentensi mbili tu, laivu, kwa mwanga uleule na simu ileile. Halafu amtengenezee chuo kimbweta chao, maana wanachuo hawana kosa.

Kwa baba, asitume meneja. Aende mwenyewe nyumbani kwake, aanze na shikamoo, aombe radhi, na amlipe haki zake zote. Akimrudishia na funguo itakuwa vizuri zaidi, mradi mipira iwe imerudi kwenye pedeli kwanza.

Haya wadau, nani anabeba msala hapa, mguu au kibati? Shusheni komenti, ila matusi hapana. Baba wa watu anasoma.